Chupa Moja kwenye Friji

Naapa kwa mkate na chumvi, haya nitakayowasimulia ni kweli tupu. Kwa talaka siapi: mke wangu yuko dirishani hapo juu, na masikio yake hayajastaafu. Nikibainika nimetia uongo hata neno moja, chai ya mkahawa mzima ni juu yangu. Na mjue mapema, mimi sikuwepo. Niliyapata kwa watu.

Hilmi, mwanafunzi wa uuguzi, alitoka nyuma ya pazia la kitanda cha sita, uso mweupe kama chokaa, kidole gumba amekifumbata.

“Sindano imenichoma, Bi Inshirah.”

Muuguzi mkuu hakupiga kelele. Kila asubuhi aliwagawia wanafunzi sindano kwa kuhesabu, mgonjwa mmoja sindano moja; aharibuye moja, arudi kwao. Na kila asubuhi aliwakariria yale yale: kifuniko cha sindano hakivuliwi kwa meno, wala hakirudishwi kwa mkono.

Hilmi alikivua kwa meno. Damu ilipomtoka akainama chini ya kitanda, akaipangusa kwenye soksi, akamaliza kazi aliyotumwa.

Mgonjwa alikuwa Haji Metwalli, muuza maharage, macho ya njano kama kiini cha yai. Wodi nzima ilidhani inajua maana ya macho yale: homa ya ini, ile inayosafiri kwa damu.

“Kaoshe kwa sabuni na maji mengi,” alisema Bi Inshirah. “Kwenye friji kuna dawa ya kinga. Chupa moja tu. Ikiingia mwilini leo, inaweza kuuwahi ugonjwa. Ukichelewa, usinilaumu. Lakini kwanza natoa damu zenu, wote wawili.”

“Yangu ya nini, Bi? Mpimeni Haji.”

“Ndiyo kanuni.”

Haji akakunja mkono wake. “Mtoto kanichokora kama anachimba kisima, na wewe sasa unaleta ndoo ya pili? Damu yangu haijamdhuru mtu. Muulizeni yeye ya kwake.”

Wagonjwa walicheka. Hilmi hakucheka.

“Toa, Haji. Nitakubusu mkono.”

“Usinibusu, utanichoma.”

Akatoa hata hivyo. Majibu yangekuja adhuhuri.

Asubuhi ile yote Hilmi hakubanduka kitanda cha sita. Alimtazama Haji jinsi mchinjaji anavyomtazama kondoo. Akamuuliza kama ana mke. Akamuuliza ana watoto wangapi.

“Sita, na wa saba yu njiani,” Haji alijibu. “Unataka kuoa kwangu, au kunirithi?”

Mara mbili Bi Inshirah alimwita akachomwe ile dawa. Mara mbili Hilmi akasema tungoje majibu.

“Wenzako wangeipigania,” Bi alisema, akamkazia macho.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, friji ilikutwa wazi na chupa haimo. Pazia la kitanda cha sita lilikuwa limefungwa. Nyuma yake Haji alipiga ukelele mmoja mfupi.

Bi Inshirah akalivuta pazia, karatasi mbili za maabara mkononi. Hilmi alikuwa amemlalia mzee miguuni, amemkandamiza, na bomba la sindano mkononi mwake lilikuwa tupu.

“Ameniua,” alisema Haji, akihema. “Muulizeni kanitia nini.”

Ile chupa ya friji ilikuwa juu ya shuka, tupu nayo. Bi Inshirah akaitazama, akazitazama karatasi. Haji Metwalli: mawe ya nyongo, damu safi. Ya pili, ya Hilmi, aliisoma mara mbili.

“Na cheti cha damu ulichokuja nacho chuoni?”

“Damu ile ilikuwa ya kaka yangu, Bi.”

“Ile sindano ya asubuhi ilikuchoma baada ya kumtoa Haji damu, au kabla?”

“Kabla. Sikuwa na nyingine.”

Hapo nikaikata hadithi, nikainua gilasi yangu ya chai. Mezani hakuna aliyesogeza domino.

“Na Haji?” aliuliza Bekhit, mfamasia.

“Aliuza maharage miaka ishirini na minane zaidi. Hilmi walimfukuza siku ile ile.”

Bekhit akaligeuzageuza domino lake vidoleni.

“Mzee Shafiq, hiyo soksi. Alijipangusa chini ya kitanda, nyuma ya pazia. Nani alikwambia?”

Nikakifumbata kidole gumba changu, kisha nikampigia makofi mhudumu.

“Chai za wote,” nikasema. “Bekhit mwongezee na shisha.”