Sura ya Bibi Enesi Kwenye Chupa

"Simba simtaki, tai simtaki, na huyu binti wa kifua wazi mrudishe kwa mama yake akamvishe," alisema Nesta, akiisukuma michoro mezani.

Zebedayo alijikuna kichwa. Lebo zake kutoka kibanda cha Sogea, hapo Tunduma, zilipamba asali, mafuta ya alizeti, hata dawa ya mende. Hakuwahi kukataliwa simba.

"Sasa mama, pombe kali tuipambe na nini?"

"Na bibi kizee. Nitakuelekeza kwake."

Lusubilo, mume wa Nesta, alicheka mpaka akapaliwa. Yeye ndiye mwonjaji wa kiwanda chao kidogo cha pombe ya ndizi, tena ndiye mshika ufunguo wa stoo. "Bibi! Nani atanunua bibi? Weka simba, fundi, mwanaume akinywa angurume!"

Nesta alimrudishia fundi michoro. Mawazo yake yalikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa Mama Chola, mnunuzi wake mkubwa, aliyemwambia wazi, kwa "Ba" ya heshima ya kwao: "Ba Nesta, mzigo ukipungua tena, natafuta mwingine."

Na mzigo ulipungua kila mara. Lusubilo alisema ni joto la stoo, pombe inageuka mvuke. Chupa nazo, inaelekea, zilikuwa zinageuka mvuke.

Zebedayo, aliposimuliwa hayo, akaona ameelewa: mama anataka lebo ya kumshika Mama Chola asiondoke.

Kesho yake akapanda bodaboda mpaka Iyula. Alimkuta Bibi Enesi uani akichambua kahawa, amevaa kilemba cha Jumapili, cha bluu chenye maua meupe.

"Meno usiniongezee," bibi alionya. "Chora yaliyopo."

Zebedayo, mtu wa Singida, alikuwa bado anachora pua pale mwanaume mmoja alipotokea na baiskeli iliyojaa kabichi. Alipomwona bibi, aliitupa baiskeli na kujirusha ndani ya mibuni. Kabichi zikabingirika mpaka miguuni kwao.

"Amepatwa na nini?"

"Adabu. Huyo amemwoa binti yangu Priska. Huku kwetu mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Chora, mjukuu wangu, shingo inaniuma. Akichoka kulala humo atatoka."

Mchoro ulimpendeza Nesta, ila hakuacha kuukosoa.

"Macho yatazame mbele. Zaidi. Yamfuate mtu. Na chupa iwe bapa, yenye mabega, isimame kama mtu mlangoni."

"Nyuma tutaandika sifa za kinywaji."

"Mtu akiigeuza je? Mbandike na nyuma."

"Mama, wateja wa Nakonde hawatamwogopa bibi huyu?"

"Hao wa Nakonde watanunua tu."

Chupa zilipokuwa tayari, Nesta alizipanga stoo kwa mikono yake, moja moja, zote zikitazama mlango, kisha akamrudishia mumewe ufunguo. Zebedayo alikuja na simu yake kupiga picha za matangazo. Mama Chola alikuwa njiani kuja kuchukua mzigo.

Lusubilo naye alifika akipiga mluzi, bilauri ikichungulia mfukoni. "Haya, tumwone huyo kikongwe wenu! Nimuonje kama ana makali."

Akafungua mlango, akatanguliza mguu.

Mluzi ukakatika. Ufunguo ukaanguka. Lusubilo alilivuta koti likamfunika kichwa, akatoka kinyumenyume, akapiga ndoo teke, akajikunyata nyuma ya pipa la maji.

"Nesta!" alinong'ona ndani ya koti. "Mbona hukuniambia mama yako yumo humo?"

"Yumo," alisema Nesta, akiinama kuuokota ufunguo. "Mpaka darini."