Skuta ya Mama Wema

Jumatano ya tarehe kumi na nne Mei, saa tatu kasoro asubuhi, skuta ilimzimikia Ladislaus mara ya nne tangu apite kijiji cha Mnyambe. Mabati ya Newala mjini alikuwa ameshaanza kuyaona.

Akashuka, akapiga kiki. Ikawaka, ikatoa moshi mweusi, ikafa.

Saa nne chama cha ushirika kilikuwa kinakaa kumjadili marehemu mkewe. Asipofika kumtetea, Oliva angeandikwa kwenye muhtasari kuwa mwizi, na mwizi aliyekufa hakati rufaa.

"Wamenitilia kitu kwenye tangi," alisema peke yake. "Wanajua nakuja."

Wao ni nani tena kama si wakubwa? Mwenyekiti Abdulrazaki na kamati yake, wenye matumbo na mihuri. Mwaka jana mifuko arobaini ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ilipotea ghalani. Mtunza ghala alikuwa Oliva, kidole wakamnyooshea yeye. Agosti presha ikampanda, isishuke tena, Februari wakamzika.

Ladislaus aliishia darasa la nne, lakini hili alilijua vizuri: mke wake angeiba salfa, mikorosho yao isingeliwa na ugonjwa wa ubwiri mpaka ikatoa magunia mawili tu. Hilo ndilo alilokuwa analipeleka kikaoni. Wangelijibu kwa mdomo gani?

Akaisukuma skuta hadi banda la fundi lililokuwa pembeni mwa barabara, jasho likimlowesha koti la kanisani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nina kikao saa nne, mwanangu. Kila nikivuta mafuta, inazima."

Fundi, Shamte, akaizunguka skuta huku anatabasamu. "Hii si ya Mama Wema? Naijua hata kwa mlio."

"Ilikuwa. Tumemzika Februari."

Tabasamu likamtoka. "Pole sana, Baba. Mama wa watu, na utani wake! Alikuwa ananiita mchumba."

"Tangu augue Agosti nimeifungia ndani. Na alipokuwa mzima hakuipanda mtu mwingine, hata mimi. Jumamosi kwa Jumamosi anakuja nayo Newala, kwaya. Angalia petroli kwanza. Wameitia maji."

Shamte akamimina kidogo kwenye chupa, akaiinua juani. "Safi hii."

"Basi wamechezea plagi."

Plagi ikatoka nyeusi tii kama sungusungu. Shamte akaifuta na kitambaa. "Nzima, Baba. Injini inakula mafuta, haipati pumzi. Kuna kitu kimeziba njia ya hewa."

"Si nilisema!" Ladislaus aling'aka. "Wamemnyonga mke wangu, sasa wananyonga na chombo chake. Fungua! Hicho kitu nitakibeba hivyo hivyo, nikakiweke mezani kwa mwenyekiti."

Shamte akafungua skrubu za ubavuni, akachomoa chujio la hewa, akaligonga kwenye jiwe.

Ukamwagika unga wa njano. Akaligonga tena. Ukamwagika mwingine, ukapepea mpaka kwenye viatu vya Ladislaus. Harufu yake hata mtoto wa uwanda huu anaijua.

Ladislaus akainama, akaugusa kwa kidole, akainuka.

"Ni salfa tu, Baba, usihofu. Msimu uliopita nilikuwa namsafishia karibu kila Jumamosi." Shamte alilipuliza chujio, akalirudisha mahali pake. "Mifuko miwili hapa miguuni, inavuja, na safari yenyewe mpaka Lisekese, Masasi huko! Namwambia, mama, si mzee aje aichukue mwenyewe? Anacheka. Anasema mume wangu namdekeza, nisipomfikishia mimi, mikorosho yake itakufa."

Akapiga kiki mara moja. Injini ikaunguruma, ikatulia. Shamte akavuta mafuta, akaachia, akavuta tena, haikuzima.

Ladislaus alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imening'inia. Shamte akageuka, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Kwani, Baba, mume wa Lisekese si ndiye wewe?"