Kopo Halirudi Tupu

Kitwana aliushika mfuniko wa kopo la bati la pembe nne kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, akakataa kuuachia.

"Baba Sofia, niachie basi," Violeth alimwambia taratibu. "Ofisi ya vifurushi inafunga adhuhuri."

Kitwana akatikisa kichwa. Mdomo ulikwenda upande, ikatoka sauti isiyo na neno. Tangu kiharusi kimpige, kujua anachotaka kulikuwa kazi ya kubahatisha. Violeth alimpa maji. Akamwekea mto vizuri. Akamgeuza ubavu. Mkono haukuachia.

"Anataka kuonja huyo," alisema Anifa, dada yake Kitwana, aliyekuwa mlangoni akipepea jiko. "Na mimi nina haki yangu, wifi. Miaka yote tunaambulia harufu, vitamu vinakwenda kwa wakwe!"

Violeth akacheka. Akamega kipai kimoja, akampa mumewe mdomoni. Kitwana akakitema. Machozi yakamtoka.

Vipai vile vya matunda Violeth alifundishwa na mama yake, aliyewahi kupika jikoni kwa mapadri kule Rombo. Unga hukandwa kwa siagi. Ndani huwekwa zabibu kavu, tende, nanasi na ganda la chungwa, pamoja na mdalasini na karafuu. Mama yake aliloweka matunda kwa brandi. Violeth, tangu aolewe na Mwislamu, huloweka kwa maji ya machungwa. Oveni hakuwa nayo. Alivipanga ndani ya sufuria yenye mchanga, akapalia makaa chini na juu, akasubiri.

Kila Desemba Wachaga wa Kariakoo hufunga maduka, wakapanda mabasi kwenda kwao mlimani kuhesabiwa na ukoo. Violeth hakuhesabiwa. Siku aliyomtaja Kitwana wa Kilwa, mama yake alifunga mlango, na simu yake hakuipokea tena. Ndugu nao wakanyamaza.

Krismasi ya kwanza baada ya ndoa, Kitwana ndiye aliyesema, "Mpikie vile vitamu vyake. Mama ni mama. Kwenu kama kwetu, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu." Akalibeba kopo mwenyewe hadi kwenye mabasi.

Mwaka ule lilichelewa. Lilirudi baada ya Pasaka, pembe moja imebonyea. Mizigo ya mabasi hutupwatupwa, Kitwana alieleza. Lakini ndani zilipangwa ndizi mshale, zile za kupika za kwao Rombo, zimefunikwa kwa majani makavu ya mgomba. Violeth aliyanusa majani yale, akalia mpaka akapata kwikwi.

Tangu hapo halikuchelewa tena. Kila mwaka, kabla ya mwaka mpya, Kitwana alirudi nalo limejaa. Simu mama bado hakupokea. Ndizi zilikuja.

"Safari hii likirudi," Violeth alisema sasa, akimfuta mumewe machozi, "sitasubiri Krismasi nyingine. Januari nakupeleka Rombo mwenyewe, ukapate hewa ya mlimani. Mama alishakukubali siku nyingi, Baba Sofia. Ni haya tu inamzuia kusema."

Kitwana akapiga godoro. Akapiga tena, akimtazama.

"Umeona anavyofurahi?" alisema Anifa. "Kaka, utakula machalari ya ndizi mpaka uwasahau wapwa zako!"

Violeth akambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, kama anavyombandua mtoto aliyeshika sindano. Akafunga mfuniko kwa kamba nyekundu, akajifunga khanga.

"Mwangalie, wifi. Sichelewi."

Nyuma yake ile sauti isiyo na neno ilimfuata mpaka kwenye ngazi.

Mtaa aliouzoea haukupitika. Wanunuzi wa sikukuu walikuwa wamebanana kati ya magauni ya watoto na viatu vilivyotandazwa chini, na wasukuma mikokoteni walipiga kelele za kuomba njia. Violeth alilikumbatia kopo, akakata kwa nyuma, upande wanaposhusha ndizi za jumla. Huko hakuwahi kuwa na sababu ya kupita.

Harufu ilimpokea kabla hajaona kitu. Majani makavu ya mgomba yalikuwa yametapakaa kila mahali, mengine yamekanyagwa, mengine yamerundikwa kando ya lori. Akasimama kidogo, akavuta pumzi. Karibu atabasamu. Nyumbani kabisa, aliwaza.

"Shikamoo mama! Kopo hilo!"

Mwanamume mmoja aliyejifunga gunia kiunoni alishuka kutoka juu ya lundo la mikungu, akija huku anapangusa mikono. Wenzake walimwita Melkiori.

"Marahaba," Violeth alijibu. "Kopo lina nini?"

"Si la Mzee Kitwana hilo? Nalijua kwa hiyo pembe yake. Kakutuma wewe mwaka huu? Tumemsubiri mpaka tukasema mzee katususa."

"Anaumwa," alisema Violeth.

"Pole sana. Mpe salamu, mwambie ajikaze." Melkiori alishalipokea kopo. Alifungua kamba nyekundu, akainua mfuniko, akageuka kwa wapagazi. "Jamani, vitamu vya Krismasi vimefika! Mmoja mmoja, msinivunjie heshima!"

Mikono ikaingia. Violeth alibaki na mfuniko, hakukumbuka nani kampa aushike.

Melkiori, mdomo umejaa, aliinama chini ya turubai, akatoa vichane vya mshale vilivyochaguliwa, vya kijani, havina doa.

"Vyake hivi, nilimtengea," alisema. "Sasa mama, nikujazie leo uondoke nalo, au nikae nalo mpaka karibu na mwaka mpya, kama anavyotakaga mzee kila mwaka?"