Mazoezi ya Radi

Chupa ya mwisho ya dawa nyeusi ya nywele, ile inayopendwa na wateja wenye mvi, msusi aliimalizia kifuani mwa mbwa.

"Tulia, Radi. Tulia, nakuomba."

Mbwa hakutulia. Kwanza, hakuwa mbwa wa kutulia. Pili, hakuwa Radi.

Radi mwenyewe alikuwa amelala chini ya mpapai nyuma ya saluni, na udongo wake ulikuwa bado haujashikana vizuri. Alikuwa mweusi tii, hana hata doa. Mume wa msusi alimlea tangu hajafumbua macho, akamwachia baba yake alipopata kazi mgodini. Aliporudi mwaka jana kufunga ndoa, Radi alimrukia mbele ya wageni wote, akaanza kumchakura mfuko wa koti, watu wakacheka hadi machozi.

"Huyu ni mdogo wangu," mume alimwambia bibi harusi wake. "Nakukabidhi."

Naye alikabidhiwa kweli. Radi asipokimbia alitafuna viti, kwa hiyo kila asubuhi msusi alipanda baiskeli, mbwa akikimbia pembeni, kamba imefungwa chini ya tandiko.

Ni yeye mwenyewe aliyeifungua kamba ile. Simu iliita, ni mume wake, naye hakutaka mbwa aivute baiskeli akiongea. Lori la mchanga likakata kona.

"Mdogo wangu hajambo?" mume aliuliza, hata vumbi halijatua.

"Hajambo kabisa," alijibu.

Loo! Tangu hapo uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Badala ya kusema kweli, alikwenda kwa muuza maziwa akapata mbwa mwingine, kimo kile kile, wazimu ule ule, ila ana baka jeupe kifuani. Ndiyo kazi ya dawa ile.

Na leo mume alikuwa anarudi likizo.

Mbwa aliyechoka habweki, alijiambia. Akafunga kamba, akapanda baiskeli, lakini kabla hajakanyaga pedali mara mbili mbwa alikuwa anamvuta yeye na baiskeli yake.

"Eti mama, leo nani anamfanyisha mwenzake mazoezi?" muuza mboga alimtania.

Alijilazimisha kucheka. Kwenye kona ya lori alishuka akaisukuma baiskeli, kama alivyofanya kila siku tangu siku ile. "Nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. Mbwa akageuka mbio, akadhani anaitwa. Ukimwita Radi hageuki, ukiomba msamaha anakuja. Msusi akalia pale pale, mkono mmoja kwenye usukani.

Nyumbani, baba mkwe wake alikuwa barazani. Alikuwa fundi viatu maisha yake yote, na sasa macho yake yaliona vivuli tu. Pembeni yake palikuwa na sahani ya ini la kukaanga ambalo hakuligusa. Alisema anamsubiri mwanawe. Alinyoosha mkono akampapasa mbwa, kichwa, shingo, kifua.

"Amekimbia vizuri. Ila ananukia saluni."

"Ni mikono yangu, Baba."

"Ehe. Basi usimwogeshe leo."

Mzee wa watu! Alimpenda Radi kupita kiasi. Radi alipokuwa hai, kila msusi alipomwogesha, maji yalitoka meusi, mbwa gani mchafu vile, lakini mzee hakuona kinyaa. Alimchukua mwenyewe akaenda kumkausha nyuma ya nyumba, hataki msaada wa mtu. Kumdanganya mume ni kosa, msusi aliwaza, lakini kumdanganya mzee asiyeona ni laana. Roho ilimsuta, akashindwa kuvumilia.

"Baba, kuna jambo..."

"Hodi wenyewe!"

Mume alisimama langoni, begi begani, koti mwilini, meno yote nje. "Yuko wapi mdogo wangu?"

Mbwa alinguruma. Manyoya ya mgongoni yakamsimama, akatoa meno. Msusi aliishika kamba kwa mikono miwili. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho hapo langoni. Akaona kicheko cha mume kikififia.

"Mbona kama hanijui?"

"Wewe nawe!" mzee alifoka, akainuka kwa shida. "Unasalimia mbwa kabla ya baba yako? Njoo hapa."

Akamkumbatia mwanawe. Akamkumbatia sana, akampapasa mabega, mgongo, koti, kama mtu anayepima nguo. Kisha akarudi nyuma, akamgeukia msusi.

"Haya, mwanangu. Mwachie."

Msusi alifumba macho, akaachia kamba.

Alipoyafumbua, mbwa alikuwa amemrukia mumewe, pua imezama mfukoni, mkia unapiga huku na huku. Mume alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Hajanisahau! Mnaona? Mwaka jana alianza na mfuko huu huu!" Wakaingia ndani wakisukumana, yeye na mdogo wake.

Msusi aliketi kwenye ngazi ya baraza. Machozi yalimtoka, aibu tupu. Pembeni yake mzee alikuwa anafuta vidole kwenye suruali. Sahani ya ini ilikuwa tupu.

"Baba, yule si..."

"Shii. Najua, mwanangu." Mzee aliinama karibu na sikio lake. "Na dawa yako ya nywele ni nzuri kweli. Mimi yule uliyekabidhiwa siku ya harusi nilimpaka rangi ya viatu, ikawa inatoka kila ukimwogesha."