Mwanga wa Sengo

Katika mchezo ule wa mtandaoni, ujuzi hukua kwa kutumiwa, na shujaa akifa hafufuki. Sengo alikuwa amekuza ujuzi wa upanga tu. Kutibu alimwachia Zamda, shemeji yake, aliyeketi kwenye kompyuta ya pembeni.

Sasa Zamda ndiye aliyelala chini, asiweze kujitibu. Sumu ya joka ilikuwa ikimmaliza shujaa aliyemlea kwa miaka.

"Shemeji, nitibu."

"Nilimalize joka kwanza."

"Upanga wako unang'aa, tumeuona. Nitibu."

Sengo akabonyeza kitufe ambacho hakuwahi kukigusa. Mkono wa shujaa wake ukatoa kijimwanga kama cha kiberiti kilicholowa.

"Kwa dawa hiyo hata nzi hapati nafuu," alisema Zamda. "Endelea hivyo hivyo."

Akabonyeza tena na tena. Kila mara mwanga ulikua kidogo, lakini sumu ilikuwa na mbio zaidi. Mkono mmoja haukutosha, na wa pili ulikuwa umeshika upanga.

Nyuma yao joka likavuta pumzi.

Sengo akautupa upanga. Ukaanguka majanini, ungali unang'aa, na kati ya viganja vyake viwili mwanga ukaanza kutanuka.