Nyumba Inayojibu Wageni

Sheria mpya ilitaka kila nyumba inayopangishwa kwa siku imjibu mgeni ukweli mtupu, lolote aulizalo. Wenzake wenye nyumba za wageni pale Tanga walimshauri Bi Siwatu, "Badilisha mashuka, na ufute kumbukumbu za nyumba kabla hujapokea mtu."

Mashuka alibadilisha. Kumbukumbu hakuzigusa, kwa sababu bintiye Mwanakombo alifia katika chumba cha wageni, mama mtu akiwa sokoni.

Asubuhi moja mgeni wake wa kwanza, mwalimu mstaafu kutoka Iringa, alimrudishia ufunguo akiwa na macho mekundu.

"Pole, mama. Niliuliza nani alilala hapa kabla yangu. Nyumba ikanieleza maneno yake ya mwisho. Siwezi kuyatamka mimi."

Mgeni alipoondoka, Bi Siwatu aliingia chumbani.

"Mwanangu alisema nini?"

"Ninawajibu wageni tu," nyumba ikasema kwa upole. "Wewe ni mwenyeji."

Akatoka nje, akaandika jina lake kwenye orodha ya wageni, kisha akabisha hodi mlangoni mwake mwenyewe.

"Karibu, mgeni," nyumba ikaitikia, na mlango ukafunguka. "Uliza."

Bi Siwatu alisimama kizingitini, na mguu ukakataa kuinuka.