Futa Diski

Mshereheshaji alikuwa amekwisha kuziwekea kompyuta mbili za nyumbani toleo jipya la mfumo wa Linux. Sasa alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya mkewe, kijiti cha meno mdomoni.

"Baba watoto, ile ya sebuleni haitoi sauti tangu uiguse," mkewe alimwambia.

"Itatoa tu. Nyie mambo haya hamyawezi. Mnadonoadonoa tu kama kuku."

Kidole chake kinene, chenye pete iliyombana hadi nyama ikafura pande zote mbili, kilikuwa kimetulia juu ya kipanya. Skrini ilikuwa imemuuliza afute diski ipi, naye alikuwa amekwisha kuchagua.

Mkewe aliinama akasoma. Diski aliyoichagua haikuwa ya kompyuta. Iliandikwa HARUSI. Ni ile ndogo ya pembeni ambayo mumewe aliichomeka asubuhi ajitazame, yenye video za sherehe zote alizowahi kuziongoza, na hakuna nakala popote.

"Umesoma hapo, lakini?" mkewe aliuliza.

Hakugeuka. "Mama watoto, kazi hii inataka kichwa. Wewe kaangalie jiko."

Jikoni hapakuwa na kitu motoni, na mumewe alilijua hilo. Mkewe alikitazama kisogo chake, mikunjo miwili ya shingo inayong'aa jasho, na maneno aliyokuwa ameshayafungulia mdomo akayameza.

"Haya, endelea," alisema kwa upole, akavuta kiti, akaketi apate kuona vizuri.